Nane ya Mama Elin kwenye Barafu ya Samaki

Ninyi mnaobaki na funguo za ghala la baridi mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi. Nimekubali, ila msitafute humu habari za vyeo wala mshahara. Vyeo vyangu vilichelewa kuliko treni ya Sakania, na mshahara mnaujua wenyewe, maana ndio huo huo mnaoulalamikia kila mwisho wa mwezi. Kilichobaki ni mashine, mtu aliyenifundisha kuzisikiliza, na jambo moja ambalo nikilisimulia nyumbani wajukuu wananitazama kama babu aliyezidisha pombe ya lutuku. Nitafika huko. Fundi haanzi na paa.

Nilipoingia kazini nchi ilikuwa haijaitwa Zaire, na mimi nilikuwa naitwa Prosper. Baadaye nchi ikabadili jina, mji ulikuwa umekwisha kubadili lake, nami, kwa amri ya kuacha majina ya Kizungu, nikawa Kabwe, kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kumcheka mwenzake. Ghala letu lilihifadhi samaki na nyama za wafanyakazi wa kampuni ya serikali ya shaba. Sisi hatukuchimba kitu. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha kwamba yule anayechimba, akifika nyumbani jioni, anakuta kwenye sahani samaki ambaye hajaanza kunuka. Mtu hakumbuki fundi wa baridi ila siku baridi inapokosekana, na siku hiyo anamkumbuka pamoja na mama yake mzazi.

Siku ya kwanza walinikabidhi kwa Baba Sadiki. Alikuwa wa familia ya Kiislamu kutoka Maniema, watu waliokuja Katanga zamani na ufundi wao mikononi. Babu yake alishona ngozi, baba yake alitengeneza viatu, yeye akageukia mabomba. Alivaa kofia yake nyeupe ya kufuma, na juu yake kofia ya sufu ya kuingilia chumba cha baridi, na hakuna aliyewahi kumwona bila moja ya hizo mbili. Alinipa bisibisi ndefu, akaniambia niweke ncha yake kwenye mashine na mpini sikioni.

"Unasikia nini?"

"Makelele, baba."

"Miye niko nasikia muntu ana njaa. Mafuta imekuwa kidogo. Utajua. Sikio haizaliwake na kazi, inafundishwa."

Alinifundisha pia kutafuta amonia inapovuja. Pua itakuambia kwamba kuna shida, lakini pua haina macho. Unawasha utambi wa salfa, unaupitisha polepole kwenye viungo vya bomba, na pale amonia inapotoka moshi unakuwa mweupe na mzito. Wengi wenu leo mnatumia dawa za kisasa na mnanicheka na utambi wangu. Chekeni. Siku dawa ya kisasa itakapokwisha stoo, mtakuja nyumbani kwangu kuomba salfa, na mimi nitawapa baada ya kuwatazama kidogo.

Lakini somo lake kubwa halikuhusu mabomba. Siku moja wageni wakubwa wa chama walikuja kutembelea ghala, wamevaa abakosti zao, zile suti zisizo na tai, na siku hiyo chumba cha kwanza kilikuwa kimepanda joto kwa sababu mlango wake haukufunga vizuri. Gérant wetu, yaani meneja, mtu mzuri lakini mwenye woga, alimnong'oneza Baba Sadiki asome namba ya kupendeza. Baba Sadiki akainama mbele ya kipimajoto, akasoma namba ile ile iliyokuwapo, kwa sauti ya mwadhini. Gérant akatoa kikohozi. Baba Sadiki akageuka, akasema kwa upole, "Citoyen, thermomètre haifanyake siasa." Wageni wakatazamana kwanza kuona kama kucheka kunaruhusiwa, halafu wakacheka. Mlango ukatengenezwa wiki ile ile, baada ya kuombwa miezi mingi. Nilimpenda mzee yule tangu siku hiyo.

Sasa nifike kwa Mama Elin.

Alikuwa mjane wa injinia mmoja, na alikaa katikati ya mji, nyuma ya mabenki, kwenye barabara ya mijakaranda. Alitoka kaskazini kabisa ya Ulaya, nchi ambayo alisema bahari yake inaganda mpaka watu wanaivuka kwa miguu. Sisi tulimsikiliza kwa heshima na hatukuamini hata neno moja. Mumewe alikuwa amezikwa hapa Lubumbashi, na wenzake wote waliporudi kwao, yeye alisema hamwachi mzee peke yake na udongo mwekundu. Alikuja hapa akiwa bibi arusi, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kile kile chetu cha sokoni. Alipokasirika kilikuwa bora zaidi.

Nilitumwa kwake kutengeneza friji. Friji yenyewe ilikuwa imenizidi umri, na mpira wa mlango ulikuwa umekatika. Ili niisogeze ilibidi kwanza nitoe sanduku lililokuwa nyuma yake, na sanduku likafunguka. Ndani, kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta, kulikuwa na buti mbili za ngozi nyeusi, na chini ya kila buti kumepigwa skrubu chuma chembamba kilichopinda mbele. Mnanijua. Mimi chuma nisichokijua hakinipiti. Nikaacha friji, nikachukua buti moja, nikapitisha kidole.

"Madame, hii iko kisu ya nini?"

"Haiko kisu, Kabwe. Iko patins. Ya kuteleza juu ya barafu."

"Muntu anateleza makusudi?"

"Makusudi. Na bantu banalipa kuona."

Sikurudi kazini mapema siku ile. Aliniambia kwamba alipokuwa msichana, kabla ya ile vita kubwa ya kwanza ya Wazungu, alishindana katika mashindano ya mataifa. Nilidhani ni mbio. Akacheka. Hapana, alisema, mbio ni jambo jingine. Yeye alikuwa mchoraji. Unasimama kwa mguu mmoja, unajisukuma mara moja tu, na chuma kinachora duara kwenye barafu mpaka unarudi ulipoanzia. Hapo unabadili mguu, unachora duara la pili upande wa pili, unarudi tena pale pale. Imekuwa nane. Kisha unapita tena juu ya alama ile ile, usitoke nje ya mstari wako. Asubuhi yote ilikwisha kwa michoro ya namna hiyo, uwanjani nje, kwenye upepo, watazamaji wachache wakipiga miguu chini kwa baridi. Watu walijaa mchana, wakati wa kucheza na bendi, wasichana na sketi zao ndefu. Lakini mashindano yenyewe, alisema, yalikwisha kuamuliwa asubuhi.

"Banaamua namna gani?" niliuliza.

"Wewe unatoka. Halafu ba juges banakuya, bazee ba makoti na kofia kubwa, banapiga magoti juu ya barafu na banaangalia alama yako. Banaangalia kama duara iko duara. Banaangalia kama imefunga."

Hilo la kupiga magoti lilinikaa kichwani. Nilirudi tena kwa ajili ya mpira wa mlango, na tena kwa ajili ya bawaba, na tena kwa ajili ya kusikiliza tu kama mashine inalia vizuri. Friji ile ilitembelewa kuliko mgonjwa. Kila mara nilikuwa na swali jipya. Mbona chuma hakikati barafu vipande viwili? Kwa nini kina makali mawili na mfereji katikati? Anayeanguka anahesabiwaje? Baba Sadiki alinigombeza kwa kuchelewa, halafu jioni akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na leo alisema nini?"

Siku moja nikauliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Nikamuuliza kama alishinda.

Alimimina chai. Kila taifa, alisema, lilikuwa limeleta juge wake, yaani mwamuzi. Yule wa nchi yake alimpa alama nyingi sana. Wale wa mataifa mengine walimpa kidogo, mmoja wao, mzee wa ndevu aliyekaribia kugusa barafu kwa pua, alimpa kidogo kuliko wote. Mama yake alilia njiani kurudi hotelini: wametuonea, wametuonea. Neno hilo ndilo Elin alirudi nalo nyumbani, akaolewa nalo, akaja nalo Katanga.

"Hakuna hata mumoja aliniambia, Kabwe. Balinipa manamba. Miye niko najiuliza mupaka leo: nilifunga, ao sikufunga?"

"Na weye mwenyewe haukuona?"

"Balinitosha inje haraka. Mwingine alikuwa anangoja. Kisha jua likapiga, barafu ikalainika, ikafutika."

Mwaka uliofuata macho yake yakaanza kuondoka. La kushoto lilikufa kwanza. La kulia daktari alimwambia linafuata, polepole, na hakuna dawa ya kulirudisha, labda litamaliza kiangazi, labda halitafika mvua. Alitueleza hayo akiwa amesimama mlangoni mwa ghala letu asubuhi moja, amefunga kitambaa cha kitenge kichwani, na kikapu cha soko mkononi. Ndani ya kikapu, badala ya mboga, kulikuwa na zile buti.

"Baba Sadiki," alisema, "niko naomba barafu."

"Barafu iko, Mama. Ngapi?"

"Chini yote."

Alitaka kuchora nane moja, alisema, kabla jicho halijafunga. Na alitaka mtu apige magoti aiangalie, mtu ambaye si wa taifa lake wala wa taifa lingine lililokuwapo siku ile. Baba Sadiki alichungulia ndani ya kikapu. Halafu akaniambia mimi, si yeye, "Chumba ya pili iko wazi."

Kweli kilikuwa wazi. Malori ya samaki yalikuwa yamekwama Mokambo, upande wa pili wa mpaka, kwa sababu ambazo hakuna aliyetueleza, na mashine ya chumba cha pili ilikuwa ikigandisha hewa tupu ili kuta zisipate joto. Tulikwenda kumwona gérant. Aliweka kalamu chini, akafikiri sana, maana alikuwa anapenda mambo mapya na kuyaogopa kwa kipimo kile kile. "Kama Mama anavunjika muguu," alisema, "miye sikukuwa hapa. Kama hakuvunjika, muniite nione."

Tukaanza. Mimi nilipewa vyuma. Nilitaka kuvinoa kama panga, Mama Elin akanizuia: makali ni mawili, moja kila upande, na katikati panachimbwa mfereji. Nilikaa na tupa ya mviringo na subira, nikimaliza kila mara napitisha ukucha kusikiliza kama pande zote mbili zinang'ata sawa. Ngozi za buti zilikuwa zimekauka. Baba Sadiki alizichukua nyumbani, akazirudisha zimelainika na zinanuka mafuta ya ng'ombe, na uzi mpya kwenye mishono. "Baba yangu angesema uzi huu iko mubaya," alisema, lakini alikuwa anatabasamu.

Barafu yenyewe aliifanya yeye. Alijua kwamba ukimwaga maji mengi kwa mara moja yanaganda juu, yanavimba, yanapasuka. Alichemsha maji ili barafu itoke bila mapovu, akayamwaga kidogo kidogo, tabaka likishika anamwaga lingine. Ilikuwa nyeupe na laini mpaka niliogopa kuikanyaga. Kisha, kwa heshima ya mgeni, akafungua baridi yote. Alikishusha chumba kile mpaka kiasi cha samaki, halafu akapita kiasi cha samaki, halafu akasimama mbele ya kipimajoto na mikono nyuma, ameridhika. Fundi wa baridi akitaka kumpa mtu zawadi, ana kitu kimoja tu cha kutoa.

Mama Elin alikuja asubuhi, akakaa kwenye kreti, nikamfunga kamba za buti. Tulimshika mikono mpaka katikati. Akajisukuma.

Chuma kililia. Hakikuzama hata kidogo, kiliruka pembeni na kung'oa vipande vya barafu, na mguu wake ukamtoroka. Kama Baba Sadiki hangekuwa mrefu wa mikono, gérant angetimiza ahadi yake ya kutokuwapo. Tulimkalisha tena kwenye kreti. Mimi nilitaka tuache kabisa. Yeye alivua glavu, akaweka kiganja kwenye barafu, akakiondoa haraka.

"Sadiki, hii iko barafu ya samaki. Samaki amekufa, hasikie kitu. Muntu muzima anaomba baridi kidogo tu. Chuma inapaswa kuingia."

Basi hapo nilimwona Baba Sadiki ameumia kweli. "Mama," alisema, "tangu nianze hii kazi, hakuna muntu aliniambia baridi yangu iko mingi."

"Iko mingi. Punguza."

Alikwenda mpaka kwenye vali, akaishika, akaiachilia. Akanitazama. "Geuza weye," alisema. Nikageuza mimi. Alikaa siku nzima mbele ya kipimajoto akiangalia namba inavyopanda kuelekea sifuri, haondoki, hali, kama mtu anayemuuguza ndugu. Kila baada ya muda alikuwa anaingia ndani na kuweka kiganja chini. Siku hiyo hakuna aliyemtania, hata mimi.

Asubuhi ya pili barafu ilikuwa na ung'avu wa unyevu kidogo juu yake. Mama Elin akaweka kiganja, akakiacha pale. "Njo hii," alisema, ndiyo hii.

Nilikuwa nimetegemea kuona kishindo fulani, kujisukuma kwa nguvu, mikono ikirushwa. Hakuna. Alisimama wima, akaegemea kidogo pembeni, na mwili ukaenda. Koti lake la sufu, kitambaa cha kitenge, mguu mmoja umeinuliwa nyuma kwa inchi chache tu, na ule mwingine unakwenda bila kupiga hatua. Mlio wake ulikuwa kama mkasi unaopita kwenye kitenge kipya. Alikuwa bibi kizee, mifupa na mishipa, lakini alipokuwa anazunguka nilisahau jambo hilo kabisa. Aliporudi katikati alibadili mguu, akaenda upande wa pili, polepole zaidi, akarudi, akasimama. Tulikimbia kumshika. Alikuwa anahema.

Gérant alikuwa amekwisha kufika, amesimama mlangoni na abakosti yake, anatetemeka. Akapiga makofi. "Félicitations, Mama! Impeccable! Vraiment, impeccable!" Hakuwa ameangalia chini hata mara moja.

"Asante," alisema Mama Elin. "Baba Sadiki, angalia."

Baba Sadiki akavua kofia ya sufu, akabaki na ile nyeupe. Alijua kupiga magoti kuliko sisi wote. Akashuka, akaweka mikono chini, akasogeza uso mpaka pumzi yake ikaacha doa kwenye barafu, akafuata mstari kwa magoti, duara la kwanza lote, halafu la pili. Mashine ilikuwa inaguruma nyuma ya ukuta. Mimi nilikuwa nasema moyoni: sema imefunga, mzee, inakugharimu nini, sema imefunga aende nyumbani na furaha yake.

"Haikufunga, Mama," alisema. "Duara ya kwanza iko muzuri. Ya pili imefika karibu, halafu imepita inje. Iko nafasi ya kidole."

Nilimchukia. Nasema wazi, dakika ile nilimchukia. Gérant akaanza kusema kwamba kidole ni nini, mbele ya umri, mbele ya ujasiri, lakini Mama Elin alinyoosha mkono anyamaze.

"Inje upande gani?"

"Kushoto. Pale mwisho, karibu ya kufika."

"Tena," alisema.

Akachora ya pili kando ya ile ya kwanza. Baba Sadiki akapiga magoti. Haikufunga; kushoto, pale mwisho, nafasi ndogo zaidi. Akapumzika kwenye kreti, akanywa chai ya chupa niliyomletea, akachora ya tatu, na safari hii miguu ilikuwa inatetemeka waziwazi. Baba Sadiki alikaa magotini muda mrefu kuliko mara zote. "Mama, hapana. Iko tu pale pale. Kushoto, mwisho."

Mama Elin akataka kuona. Tukamshusha, akaweka uso karibu na barafu, lakini jicho lake halikuweza tena kutofautisha mstari mweupe ndani ya weupe. Aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameshindwa. Hapo nikakumbuka namna Baba Sadiki alivyonionyesha kutafuta ufa kwenye sakafu: unapaka kitu cheusi, unafagia, ufa unabaki nacho. Nilikimbia mpaka kwa mama aliyekuwa anatupikia nyuma ya ghala, nikachukua makaa, yale tunayoyaita makala, nikayasaga kwa nyundo mpaka yakawa unga. Tukaumwaga juu ya barafu, nikafagia kwa ufagio laini, taratibu.

Zilitokea. Nane tatu nyeusi kwenye chumba cha samaki, nyembamba, kila moja imezunguka vizuri, na kila moja ina mlango mdogo ulio wazi, upande wa kushoto, pale mwisho. Mlango ule ule. Ungedhani ni mtu mmoja amepigwa picha mara tatu.

Mama Elin alizifuata moja moja kwa lile jicho, na pua yake ikawa nyeusi kwa makaa. Alipofika kwenye mlango wa tatu alisimama. Nilidhani analia, nikainama. Alikuwa anacheka.

"Kumbe ni muguu yangu," alisema. "Iko inatoka inje tangu utoto. Ule muzee wa ndevu hakunionea." Akafuta pua, akaipaka makaa zaidi. "Ule wa kwetu njo alinidanganya."

Gérant aliangalia viatu vyake. Baba Sadiki alimpa mkono, akamwinua kutoka kwenye barafu, na yule mama akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, hakuuachilia mpaka mlangoni. Nilikuwa nimebeba kikapu nyuma yao. Ile chuki yangu ya dakika chache zilizopita sikujua niiweke wapi.

Malori ya samaki yalifika baadaye juma lile. Nilipewa kazi ya kuvunja barafu na kuitoa kwa beleshi, na niliifanya, maana samaki wa wachimbaji hawalali juu ya michoro. Jicho la Mama Elin lilifunga kabla ya mvua, kama daktari alivyosema. Aliishi miaka mingine mizuri baada ya hapo. Kila Ijumaa, Baba Sadiki akitoka msikitini alipita kwake, wanakaa barazani, na Mama Elin anamuuliza bustani yake ikoje. Watu wengine wote walimwambia inapendeza. Niliwahi kumsindikiza mzee, nikamsikia kwa masikio yangu: "Mama, maua yako ya mbele imekufa yote. Ya nyuma iko hai." Naye anaitikia kwa kichwa, anaita mtunza bustani, anafurahi kwamba ana bustani ya kweli.

Baba Sadiki alitangulia kufa. Bisibisi yake ndefu ninayo. Mama Elin alizikwa pembeni ya mumewe, na sijui zile buti zilienda wapi.

Sasa niseme la mwisho. Siku ya kuniaga mliandaa bukari, ugali wetu, na samaki, mkaleta bia, mkasema maneno mengi. Mmoja alisema katika miaka yangu yote sikuwahi kupoteza chumba hata kimoja. Mwingine alisema mkono wangu haukosei. Gérant mpya alisema impeccable, neno lile lile, na ninyi mkapiga makofi. Nilifurahi, sitawaficha, nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo. Lakini usiku ule nilipokuwa navua viatu nilimkumbuka yule juge wa kwao Mama Elin, na alama zake nyingi. Ninyi nyote ni wa kwetu.

Vyumba viko pale, mabomba niliyoyaunga yako pale, funguo mnazo. Nami nina mguu kama mtu yeyote, nao lazima una mahali unapotokea nje, pale pale kila mara, ambapo mimi mwenyewe siwezi kupaona. Mmoja wenu avue kofia, apige magoti, aangalie vizuri, halafu aje nyumbani aniambie. Makaa yapo.